Kasha la giza: jitengenezee sanduku la mazingaombwe linalotoa leso pasipo na kitu

Kila nikimaliza kucheza kuna mtu atanifuata aniulize lile sanduku jekundu lenye dirisha niliagiza wapi, Mombasa ama nje, na nikimwambia nililitengeneza hapa hapa Lamu kwa mkebe wa maziwa ya unga na mabaki ya plaiwudi niliyopewa kwa seremala huko Langoni anacheka, anadhani namficha. Simfichi bwana. Leo naandika yote, vipimo na makosa, manake makosa ndiyo yaliyonila pesa kuliko hizo mbao.

Kwanza mchezo unavyoonekana. Mezani kuna sanduku la mraba, halina kifuniko wala tako, mbele limetobolewa dirisha lenye nondo za mbao na mtu anaona mpaka ndani. Katikati yake limesimama bomba la duara la rangi ya manjano. Unalitoa bomba kwa juu, unamchungulisha mtu, tupu kabisa, unalirudisha. Unalinyanyua sanduku, unapitisha mkono juu unatokea chini, tupu, unalirudisha. Alafu unatia mkono ndani ya bomba unatoa leso, yaani kanga, na leso nyingine, na kitambaa, na mabuyu ya kuwarushia watoto, mpaka meza inajaa. Wanamazingaombwe wa Ulaya huliita Square Circle, kwa sababu nje ni mraba na ndani ni duara.

Siri yake ni kwamba vitu viko vitatu, si viwili. Ndani ya bomba umekaa mkebe mweusi ambao ndio umebeba mzigo. Ukilitoa bomba mkebe unabaki ndani ya sanduku, na kwa kuwa mkebe ni mweusi tii na ndani ya sanduku ni kweusi tii, jicho linapita pale dirishani linaona giza linasema hamna kitu. Ukilitoa sanduku, saa hiyo bomba limeshauficha mkebe. Yaani kila mara kimoja kinamfichia mwenzake na mtazamaji anaapa ameona vyote viwili.

Huu ujanja wa cheusi mbele ya cheusi ni wa zamani. Miaka ya 1880 kulikuwa na Mjerumani mmoja Berlin, Max Auzinger, aliitandika steji nzima nguo nyeusi, yeye akavaa nyeupe, wasaidizi wake wakafunikwa weusi kutoka kichwani mpaka miguuni, basi meza na vyombo vikawa vinatokea na kuelea hewani. Na jina alilojipa la kazi ni Ben Ali Bey. Huku kwetu Lamu ungesema huyo ni mtu wa mtaa wa Mkomani kabisa.

Sasa tushike kazi.

Anza na mkebe, usianze na sanduku. Mimi wa kwanza nilitengeneza sanduku zuri nikaja kutafuta mkebe wa kuingia ndani, sikupata, sanduku likawa la kuwekea misumari mpaka leo. Mkebe ndio unaamua vipimo vyote. Wangu ni wa maziwa ya unga, ule mkubwa, kipenyo sentimita 12 na nusu na kimo sentimita 16. Tako lake liache, mdomo wa juu upige msasa ama uukunje kwa koleo usiwe na makali, manake utakuwa unatia mkono mule bila kuangalia huku unatabasamu na damu kwenye leso nyeupe si mchezo aliokuja kuona mtu.

Bomba linakuja juu ya mkebe, kwa hivyo lazima liwe pana kidogo. Langu lina kipenyo sentimita 14 na nusu na kimo 20. Nilitumia karatasi nene ya manila mara mbili zilizogandishwa pamoja, ukikata upana wa sentimita 47 unapata mzunguko wa 45 na nusu na kipande cha sentimita moja na nusu cha kupandiana. Bati jembamba ni bora zaidi lakini lina kelele, likigonga mkebe kule ndani linalia ting! na kila mtu anajua kuna kitu kingine. Ukitumia bati basi kitandike kitambaa chembamba ndani yake. Nje paka rangi ya kuchangamka, manjano ama kijani ya boti, yoyote itakayoita macho. Ndani ya bomba USIPAKE nyeusi, paka nyeupe. Watu wengi hukosea hapa. Bomba unataka mtu aone utupu wake waziwazi, mwanga uingie upite, na weupe ule unafanya akili iseme kila kitu hapa ni cheupe na safi.

Sanduku sasa. Plaiwudi ya milimita 6, vipande vinne vyote kimo sentimita 18. Viwili vya ubavu upana 17, vya mbele na nyuma upana 18.2, ukivigonga pamoja unapata nafasi ya ndani 17 kwa 17. Angalia hivi vimo vitatu: mkebe 16, sanduku 18, bomba 20. Mkebe ni mfupi kuliko sanduku ili usichungulie kwa juu, na bomba ni refu kuliko sanduku ili upate pa kulishika. Ukivibadilisha hivyo vipimo, badilisha vyote pamoja, mpangilio huo usiuvunje.

Dirisha linakatwa kwenye kile kipande cha mbele kabla hujapigilia chochote. Acha ukingo wa sentimita 3 kila upande, halafu ndani chora nondo nne za upana wa sentimita moja moja zikisimama wima, utabaki na nafasi tano za sentimita 1.6 hivi. Toboa kwa kekee pembe za kila nafasi, pitisha msumeno mwembamba, malizia kwa patasi na msasa. Mimi sina mkono wa hivyo nilimpelekea mzee mmoja anayechonga milango, nikamwambia mzee nataka tundu tano tu za kuonea ndani, akaniuliza za kuonea nini, nikasema za kuonea hamna, akanitazama muda mrefu halafu akasema, "Mwanangu, kama ni hamna nitakuchongea bei ya hamna." Alinichongea na ua dogo juu ya dirisha, lile ua la milango yetu, na hilo ua limenisaidia kuliko nilivyodhani, nitaeleza kwa nini.

Nondo hizo si urembo tu. Dirisha likiwa wazi jicho linatulia mule gizani linaanza kutafuta, na likitafuta litapata. Ukiweka nondo nyekundu mbele, tena zimechorwa mstari wa dhahabu, jicho linashikwa na kile chenye rangi na cheusi kilicho nyuma kinapotea. Ndiyo kazi ya lile ua pia. Mbele ipambe unavyoweza, nyekundu, dhahabu, nyeupe, ifanye kama mkoba wa bibi harusi. Rangi yote ya nje ipake na ikauke kabisa kabla hujagusa weusi wa ndani.

Weusi wa ndani ndipo penye kazi yenyewe, kwa hivyo hapa usiwe na haraka. Mara ya kwanza nilipaka rangi nyeusi ya kawaida. Inang'aa. Mkebe ulionekana kama sufuria iliyooshwa. Mara ya pili nikapata kipande cha nguo ya buibui kwa fundi cherehani, nikasema hii ni nyeusi haina mfano, nikabandika, mchana chumbani ikawa sawa, usiku chini ya taa ikawa inameremeta kila nikipita, nguo nyingi za buibui zina mng'ao ambao hauuoni mpaka taa iupige. Mara ya tatu ndiyo nikanunua mahameli, ile nguo ya manyoya mafupi wengine wanaita velveti, nusu mita inatosha na itabaki. Mahameli inafanya kazi kwa sababu mwanga ukiingia kwenye yale manyoya unagongana gongana humo haurudi nje, rangi hata iwe nyeusi vipi uso wake ni laini na mwanga unaruka.

Kubandika: gundi ya viatu, si gundi nyeupe ya mbao. Ile nyeupe inapenya inatokea upande wa pili inafanya madoa magumu yanayong'aa, na hayatoki. Paka gundi kwenye mbao na mgongoni mwa nguo, ngoja ishikeshike mkononi, ndiyo ubandike kuanzia katikati ukielekea pembeni. Na kuna jambo moja dogo ambalo lilinichukua mwaka kulijua. Mahameli ina upande wa kulala manyoya. Pitisha kiganja, upande mmoja inateleza, upande mwingine inakataa. Bandika ili ukipandisha mkono kutoka chini kwenda juu iteleze, yaani manyoya yanaelekea juu, hapo inaonekana nyeusi zaidi. Na mkebe nao uvishe vivyo hivyo, manyoya yaelekee upande ule ule, kwa sababu ukuta wa nyuma ukiwa na weusi wa aina moja na mkebe ukawa na weusi mwingine, mtu mwenye macho atauona mpaka wa mkebe kama kivuli. Mshono wa mkebe uweke nyuma. Ule ukingo wa juu wa mkebe ndio msaliti mkubwa, kunja nguo iingie ndani yake sentimita mbili tatu. Na migongo ya zile nondo, ule upande unaotazama ndani, usiiache na nyekundu hata tone, nayo ipake nyeusi isiyong'aa, la sivyo inatupa wekundu juu ya mkebe.

Kabla hujamuonesha mtu, jionyeshe mwenyewe. Weka sanduku mezani, mkebe ndani, bomba litoe, rudi nyuma hatua tatu, chukua simu piga picha moja bila flashi na moja na flashi. Macho yako yanajua mkebe uko pale kwa hivyo yanakudanganya pande zote mbili, mara unauona usipoonekana, mara huuoni unapoonekana. Simu haijui kitu. Halafu fungua picha iongeze mwanga mpaka mwisho, ukiona duara basi na watu siku moja wataona, kwa sababu siku hizi hakuna anayetazama kwa macho, wote wanarekodi, na video inarudishwa nyuma mara kumi nyumbani.

Mkono unavyokwenda. Mpangilio ni huu na hauna badala: bomba kwanza, sanduku baadaye. Linyanyue bomba WIMA mpaka litoke kabisa juu ya mkebe, usilipindue likiwa bado ndani, litagonga. Lielekeze kwa watu kama darubini, waone uso wako upande wa pili, wachekeshe. Lirudishe polepole, literemke lenyewe. Sasa sanduku, linyanyue wima pia, pitisha mkono, lizungushe kidogo lakini usiwaache wachunguze ndani kwa kituo, likirudi dirisha liangalie mbele. Mtu anayeanza hufanya haraka anapofika kwenye bomba kwa kuwa anaogopa mkebe uko wazi. Wewe fanya kinyume, bomba likiwa mkononi ndipo uongee, uliza jina la mtoto, sahau kabisa sanduku, na macho yako yasirudi kule. Ukiangalia wewe wataangalia na wao. Nilijizoeza mbele ya kioo nikihesabu moja mpaka kumi bila kuangalia sanduku, moyo unakwenda mbio kama ngalawa ya mashindano, lakini inazoeleka.

Sasa pa kusimama, na hapa ndipo Lamu inapokuwa na mambo yake. Sanduku halina kifuniko. Mtu yeyote aliye juu yako anaona mkebe, hakuna mahameli itakayokuokoa. Mji wetu nyumba zimesimama ghorofa mbili tatu, vichochoro vyembamba, juu kuna madirisha na madari, na watu wanachungulia kwa starehe zao. Mara yangu ya kwanza kucheza Mkunguni pale mbele ya Ngome, nimejipanga vizuri, watu wamenizunguka, nimelitoa bomba naongea kwa madaha, kumbe kuna kijana amepanda kwenye ngazi za Ngome nyuma yangu, akapiga kelele, "Kuna mkebe mwengine umo ndani, mweusi!" Watu walicheka kuliko walivyocheka usiku mzima. Nikatoa zile leso hivyo hivyo, nimeshaingia maji nitafanyaje, na mama mmoja akanipa shilingi ishirini kwa huruma.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Mgongo wangu uko ukutani, si kwenye uwanja. Meza naipandisha mpaka mdomo wa sanduku unafika usawa wa macho ya waliosimama mbele, wanaokaa chini ndio salama kabisa. Naangalia juu kabla sijaweka kitu, dirisha kwa dirisha. Na mtoto aliyebebwa mabegani na babake namuita mbele kwa heshima, ndoo hapa uwe msaidizi wangu, akishuka tu shida imekwisha.

Jua pia. Sisi tuko nyuzi kama mbili tu kusini ya ikweta, saa sita za mchana jua liko utosini linamimina mwanga moja kwa moja ndani ya sanduku lisilo kifuniko, mahameli yote inageuka kijivu. Usicheze nje adhuhuri. Alasiri jua likiwa limelala, nalo liwe nyuma ya watazamaji ama pembeni, hapo dirisha linakuwa shimo la giza kweli. Ndani ya ukumbi ama kwenye arusi taa ije kutoka mbele na chini kidogo, ile ya dari juu ya kichwa chako iombe izimwe. Stima ikipotea, na itapotea, msikubali mtu awamulike kwa tochi ya simu kutoka juu, taa ya chemli iwekwe sakafuni mbele ya meza inatosha na inapendeza zaidi.

Kuhusu mzigo wa ndani. Leso ni pamba, nzito, mkebe kama wangu unameza doti moja iliyobanwa na vitambaa vyepesi vinne vitano juu yake. Ukitaka vingi tumia vitambaa vya hariri ama vile vya kuteleza, vinabanika na vikitoka vinafura, vinaonekana mara tatu ya mkebe. Usizikunje kama za kabatini, zikunje kwa kwenda na kurudi kama feni, pembe ya kwanza ibaki juu, na pembe ya kila kitambaa iingizwe kwenye mkunjo wa kinachofuata ili kimoja kikitoka kimvute mwenzake. Leso yangu ya mwisho naikunja mpaka jina lake litoke mwishoni kabisa, naiacha ifunguke mbele ya watu waisome wenyewe, ninayo moja imeandikwa Hasidi hana sababu na kina mama hupiga vigelegele kabla hata sijamaliza kuikunjua. Mabuyu yatie kwenye vifuko, ile rangi nyekundu ikishika mahameli umekwisha.

Na neno moja la adabu. Kabla sijaanza husema waziwazi kwamba hiki ni kiinimacho, ni mchezo wa mikono na vifaa, hakuna dawa wala jini. Mji wetu ni wa dini, mtu mzima akidhani unacheza na sihiri hatakwambia kitu, ataondoka tu na wajukuu wake, na ana haki. Adhana ikianza unafunga, hata kama umeshalitoa bomba.

Kutunza. Hewa ya bahari ina chumvi, mkebe unaota kutu kwa ndani na kutu inapaka leso, kwa hivyo upake rangi ya mafuta ndani kabla hujautumia hata siku moja. Msimu wa mvua za Mei plaiwudi inavimba na mahameli inafanya ukungu mweupe, ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki na kifurushi cha mchele mkavu, siku ya jua itoe ipate hewa kivulini. Lakini adui mkubwa si chumvi, ni paka. Lamu na paka wake unawajua. Nililiacha sanduku barazani kama nusu saa hivi, kurudi yumo ndani amejikunja, mweupe na madoa ya rangi ya chungwa, amelala usingizi wa kifalme juu ya mahameli yangu nyeusi. Unywele mmoja wa paka kwenye mahameli unaonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi. Funga selotepu mkononi gundi ikiwa nje, gonga gonga ndani yote, usifute kwa kitambaa kibichi kwa sababu manyoya yanalala vibaya. Selotepu iwe ndani ya begi lako kila unapotoka.

Kwa anayecheza karibu karibu, kwenye baraza ama meza ya hoteli huko Shela, fanya dogo kwa mkebe wa tomato. Uwiano ni ule ule, mkebe mfupi, sanduku katikati, bomba refu, lakini nondo ziwe nyembamba na ziwe nyingi zaidi, na mtu asikaribie chini ya mita moja na nusu mpaka umelirudisha bomba. Watu wakiwa wamekaa mkekani wewe weka sanduku juu ya stuli, usiliweke mkekani pamoja nao, watakuwa wanalitazama kwa juu. Ndani mimi natia tende tatu na kikombe kidogo cha kahawa, kikombe kiwe kimejazwa nusu tu, na tende zitangulie kutoka.